Mwenye Funguo za Maktaba

Tarehe 10 Machi, 1981, Umberto Eco alisimama mbele ya hadhira katika Maktaba ya Manispaa ya Milan, Italia. Maktaba hiyo ilikuwa ikiadhimisha miaka 25 tangu ilipohamia Palazzo Sormani, jumba la kale lililoharibiwa kwa mabomu katika Vita vya Pili vya Dunia, kisha likajengwa upya. Mhadhiri alikuwa na umri wa miaka 49, profesa wa elimu ya ishara katika Chuo Kikuu cha Bologna, na miezi michache tu ilikuwa imepita tangu kutoka kwa riwaya yake ya kwanza, Il nome della rosa, yaani Jina la Waridi. Riwaya hiyo ni ya upelelezi. Watawa wanakufa mmoja baada ya mwingine ndani ya nyumba yao ya ibada, na njia zote za vifo hivyo zinaelekea maktabani. Mwisho wake maktaba yenyewe inateketea. Wenyeji wa sherehe, basi, walimwalika kuizungumzia maktaba yao mtu ambaye ndiyo kwanza ametoka kuichoma moto maktaba nzima kwa wino.

Mtungaji wa riwaya ya upelelezi anapoketishwa mbele ya wasomaji huwa na dhiki isiyomfika mshairi. Mshairi aweza kulisoma shairi lake lote mbele ya watu, na likisha kusomwa hubaki zima. Mwenziwe hawezi hata kuutaja mlango aliopitia muuaji. Akiutaja, amewanyang'anya walio mbele yake kile walichokuja kukinunua. Aghalabu huishia kusimulia wapi aliipata fikra, miaka mingapi aliitumia na nani kati ya jamaa zake aliusoma mswada kwanza. Eco hakuipenda njia hiyo. Mwaka 1983 aliandika kijitabu kizima cha maelezo juu ya riwaya yake, na humo akashikilia kuwa si kazi ya mtungaji kuwafasiria watu alichokiandika. Siku ile ya Milan alichagua njia nyingine kabisa. Hakuifanya riwaya kuwa mada yake, bali alizungumza juu ya maktaba. Hata hivyo, mwenye kuisoma hotuba ile baada ya kuisoma riwaya (hotuba ilichapishwa kwa jina la De Bibliotheca, kisha ikaingizwa katika mkusanyo wa makala zake wa mwaka 1983) hatachukua muda kugundua kwamba katika maandishi yote mawili mtuhumiwa ni mmoja.

Kiini cha hotuba ni orodha ya sifa za maktaba mbaya, nayo imetungwa kwa mzaha wenye makali. Faharasa zigawanywe kadiri iwezekanavyo: vitabu huku, majarida kule, vya zamani mbali na vya karibuni. Alama ya kila kitabu iwe ndefu hata mwenye haraka aikosee anapoinakili. Baina ya kuomba kitabu na kukipata upite muda mrefu, na kisitolewe zaidi ya kimoja kwa wakati mmoja. Mkutubi amhesabu msomaji kuwa ni adui, mvivu asiye na kazi, na pengine mwizi. Kuazima kuwe ni shida. Saa za kufungua ziwe zile zile ambazo watu wako makazini, na milango ifungwe jioni, Jumamosi na Jumapili. Pasiwe na mahali pa kunywa chochote, wala pa kujisaidia. Ukamilifu wake ni kwamba msomaji, ikiwezekana, asiingie kabisa.

Mgeni wa karamu aliyesimama akaanza kuyataja makosa ya jikoni, huyo ndiye Eco siku ile. Mzaha wake unauma kwa sababu kila aliyewahi kuomba kitabu katika afisi ya umma anayajua mambo mawili au matatu katika orodha hiyo, na hakuyasoma kitabuni. Kisha anageuka na kusifu. Anazitaja maktaba mbili alizozifanyia kazi: ya Sterling katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, na ile kubwa ya Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada. Huko msomaji huenda rafuni mwenyewe, na milango haifungwi na magharibi. Hapo ndipo inapotoka hoja yake iliyo bora kuliko zote: mtu huenda kutafuta kitabu anachokijua, akakiona jirani yake asichokijua, na yule jirani ndiye aliyekuwa akimhitaji. Maktaba isiyomruhusu mtu kutembea kati ya rafu humpa kile tu alichokwisha kujua jina lake.

Tukiwa na maneno hayo, turudi kwenye riwaya. Msomaji ambaye hajaisoma atasamehe, kwani uhakiki hauna hiari ya kunyamaza aliyo nayo mtungaji.

Ni mwishoni mwa Novemba, 1327. Mtawa Mwingereza, William wa Baskerville, anafika katika nyumba ya watawa wa Mtakatifu Benedict kaskazini mwa Italia, akifuatana na kijana Adso, ambaye ndiye atakayekisimulia kisa akiwa mzee. Nyumba hiyo inasifika kwa maktaba yake. Lakini maktaba imejengwa kwa mfano wa mzingile, na njia zake anazijua mkutubi peke yake. Watawa huketi katika chumba cha chini wakinakili. Anayetaka kitabu hukiomba, na mkutubi ndiye aamuaye kama anafaa kupewa. Usiku milango hufungwa. Husemwa kwamba mna mizuka, na aliyejipenyeza humo huona maajabu. Kumbe ni majani ya kulevya yanayofukizwa ndani ya taa. Katika chumba kimoja kisicho na mlango unaoonekana kimefichwa kitabu cha pili cha Ushairi cha Aristotle, kile cha futuhi na kicheko, ambacho ulimwengu umekipoteza. Kurasa zake zimepakwa sumu, na afunuaye kwa kulowesha kidole ulimini anajiua kwa mkono wake. Aliyeipaka ni Jorge wa Burgos, mzee kipofu, ambaye kwa miaka mingi ndiye aliyekuwa akiitawala maktaba kwa siri. Anaogopa kwamba kicheko, kikipata idhini ya mwanafalsafa mkubwa kama huyo, kitawaondolea watu hofu, na watu wasio na hofu hawatawaliki.

Katika maelezo yake ya 1983 Eco alikiri kwamba maktaba ikikutana na kipofu haiwezi kuzaa ila Borges, na kwamba madeni sharti yalipwe. Jorge Luis Borges, mshairi na mtunzi wa hadithi wa Argentina, aliiongoza Maktaba ya Taifa ya nchi yake tangu 1955 hadi 1973, naye hakuwa akiona. Ni deni lililolipwa kwa namna ya ajabu: mtu aliyeiona pepo kama maktaba amepewa katika riwaya nafasi ya muuaji. Wako waliokereka, na hawakukosa sababu.

Kwa wasomaji wa visiwani, Baskerville si jina geni. Limetoka katika riwaya ya Arthur Conan Doyle iliyotoka kitabuni mwaka 1902, ya mbwa wa kutisha na Sherlock Holmes. Kutoka kwa Holmes huyo huyo alizaliwa Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, akiwa na kiko chake mdomoni na Najum ubavuni. Mzimu wa Watu wa Kale, iliyoshinda mashindano ya uandishi wa hadithi za Kiswahili ya 1957 na 1958 na kuchapishwa mwaka 1960, iliitangulia riwaya ya Eco kwa miaka 20. William na Bwana Msa ni watoto wa baba mmoja waliolelewa nyumba mbalimbali, na ujamaa wao hauishii katika kumkagua mtu viatu. Katika Mzimu, na tena katika Kisima cha Giningi ya mwaka 1968, kisa kinazunguka mahali panapoogopwa, na mpelelezi ndiye mtu pekee asiyekubali kuwa hofu ni jawabu. William naye anaingia usiku mahali panaposemwa pana mizuka, na anachokikuta ni taa, kioo na majani. Wahakiki wetu wameizoea kauli kwamba Bwana Msa ni kivuli cha Holmes. Lau wangeutazama mzimu badala ya kiko, wangeona kwamba Abdulla alikuwa keshagusa mapema jambo ambalo Eco alisifiwa dunia nzima kwa kuligusa: hofu ya watu ni kufuli, na kila kufuli ina mwenye funguo.

Wanapoachana ni mwishoni. Bwana Msa hukusanya watu, akaeleza, na mambo yakanyooka. William anamfikia muuaji kwa hesabu ya makosa. Alidhani vifo vinafuata mpango wa baragumu za kitabu cha Ufunuo, ilhali mpango huo haukuwapo; ulikuwa ni sadfa, na fikra yake mwenyewe iliyomwingia muuaji masikioni. Anaujua ukweli, lakini anashindwa kukiokoa kitabu, kuziokoa roho za watu, na hata kuliokoa jengo. Eco mwenyewe aliieleza riwaya yake kuwa ya upelelezi ambamo kinagunduliwa kidogo mno na mpelelezi anashindwa. Waitalia huziita riwaya za namna hii giallo, yaani njano, kwa sababu ya majalada ya njano ya mfululizo ulioanza kutolewa na nyumba ya Mondadori mwaka 1929. Aliyeinunua Jina la Waridi kwa kutaraji njano alipewa rangi nyingi zaidi ya hiyo, na baadhi yake zinachosha. Mabishano juu ya ufukara wa Kristo yamerefushwa kupita haja ya kisa, na kurasa mia za mwanzo ni mlima. Rafiki zake walimshauri azipunguze, akakataa, akisema anayetaka kuingia katika nyumba ile na akae humo siku saba sharti aipate pumzi yake kwanza. Ni jawabu zuri, ingawa halimpunguzii msomaji mzigo. Na mwanamke pekee mwenye nafasi ya maana katika kitabu kizima hana jina, wala lugha yake haimfikii msimulizi. Kwa mtungaji aliyeandika juu ya watu kunyimwa maneno, hilo si dogo.

Lipo jambo ambalo wahakiki wa Ulaya hulipita haraka, na msomaji wa upande huu wa dunia hana sababu ya kulipita. Vyumba vya maktaba ile vimepangwa kwa mfano wa ramani ya dunia. Upande wa kusini umeitwa Leones, yaani Simba, na humo vimewekwa vitabu vya wasioamini, pamoja na vile vinavyohesabiwa kuwa ni vya uongo. Huko ndiko William na Adso wanakoikuta Kurani, imepangwa pamoja na majoka na majinamizi. William anaitaja kuwa ni kitabu chenye hekima isiyokuwa ya kwao, na Adso ndipo anapoanza kuelewa mantiki ya waliopanga rafu. Kile chumba cha siri, kilichofichwa kitabu cha kicheko, jina lake ni finis Africae, mwisho wa Afrika. Mpangaji wa maktaba hakuhitaji kufuli kubwa zaidi. Alijua kwamba kitu kikiandikwa Afrika mlangoni, wengi hawatakwenda kukitafuta.

Tena pana kosa la William, ambalo ni la kupendeza kuliko ushindi wake wote. Kitabu kinachotafutwa kimo mkononi mwao kitambo kabla ya mwisho, katika chumba cha mtawa wa dawa. Wanakifunua, wanaona herufi za Kiarabu, wanakiacha, kwa kuwa wao wanatafuta cha Kigiriki. Baadaye ndipo William anapojipiga kifua: jalada moja laweza kufunga maandishi manne ya lugha nne, na Kiarabu kilikuwa ni ukurasa wa kwanza tu. Eco alijua alichokuwa akikifanya. Kitabu cha Ushairi cha Aristotle, kile cha kwanza kilichosalia, kilifasiriwa kwa Kiarabu katika karne ya 10 na Abu Bishr Matta wa Baghdad kutoka katika Kisiria. Ibn Rushd wa Andalusia akakifanyia sherehe katika karne ya 12. Na Ulaya ya karne ya 13 ilikifahamu zaidi kwa Kilatini kilichochotwa katika Kiarabu hicho. Watu wale wawili wanaliacha jibu kwa sababu ya hati, ilhali ni hati hiyo hiyo iliyowafikishia wenzao nusu ya swali. Mfasiri yeyote akifika hapo ataiweka kalamu chini kwa kitambo. (Na akirudi kazini atakutana na vifungu vya Kilatini vilivyoachwa bila kufasiriwa. Hapo Kiswahili kinaweza kumsaidia kuliko Kiingereza, maana wasomaji wa tenzi wamezoea kulipokea neno la Kiarabu kwa uzito wake kabla ya kwa maana yake.)

Sasa ukumbi wa Sormani na nyumba ya watawa vinaweza kuwekwa pamoja. Jorge ni orodha ya maktaba mbaya iliyopata mwili. Msomaji kwake ni adui. Saa za kufunguliwa ni za kumfungia nje. Faharasa imeandikwa isieleweke. Na kilele chake, msomaji asiingie, amekitimiza kwa sumu. Watu wa Milan walisomewa kwa mzaha yale ambayo riwaya ilikuwa imeyasema kwa maiti.

Lakini hapana budi kulitoa neno dhidi ya Eco, kwani mzaha wake unapita kirahisi mno mahali ambapo kwa wengine ni pagumu. Maktaba za Yale na Toronto zikipoteza nakala ya kitabu, hununua nyingine. Katika pwani hii miswada ya tenzi kwa herufi za Kiarabu ilikaa vizazi kwa vizazi ndani ya masanduku ya jamaa, chini ya nguo na hati za mashamba, na mwenye sanduku alikuwa mkali kuliko mkutubi yeyote. Ukali huo ndio ulioifikisha mingine hadi leo. Mingi iliyotolewa kwa ukarimu ilisafiri. Sehemu yake kubwa imo London, katika maktaba ya SOAS, ambako imetunzwa vizuri na ambako mjukuu wa mwandishi hawezi kufika kwa miguu. Mwaka 2012 unajulikana: Timbuktu ilipotekwa na watu wenye silaha, wenye vitabu walivificha masandukuni, wakavitorosha kwa magari na mashua hadi Bamako. Hapo kuficha kulikuwa ndiko kusoma kwenyewe. Eco hakulikwepa suala hili moja kwa moja. Alisema kwamba maktaba haina budi kuchagua ni kwa kiasi gani inavilinda vitabu na kwa kiasi gani inavisomesha, na yeye mwenyewe mizani yake ilielemea kusomesha. Ila aliyesema hivyo alikuwa na rafu zilizojaa nyuma yake.

Jawabu la kweli limo katika riwaya, si katika hotuba, na pengine mtungaji mwenyewe hakuona haja ya kulitamka. Chini ya mzingile ule watawa wanakaa mchana kutwa wakinakili. Ndiyo kazi yao. Nyumba nzima imejengwa juu ya kazi hiyo. Wananakili Zaburi, wananakili dawa, wananakili wanyama wasiokuwako duniani, na pembezoni mwa kurasa wanachora sungura wanaowinda mbwa. Kitabu kimoja tu hawakupewa. Jorge hakukichoma, kwa sababu anaheshimu vitabu, lakini pia hakukubali kiwe viwili. Moto unapozuka, unachotafuna katika chumba kile ni nakala moja ya pekee, na Jorge mwenyewe amekwisha kuanza kuzila kurasa zake kwa meno. Kosa lake, basi, halikuwa kukificha kitabu, kwani hata wenye masanduku wa Lamu na Timbuktu walificha. Wao, hata hivyo, walimwita mnakili. Mwisho wa mswada wa utenzi, mnakili huliandika jina lake na tarehe aliyomaliza, akaomba dua. Na tenzi nyingi zilizotufikia zimetufikia kwa mikono ya watu hao wa ukurasa wa mwisho, si kwa mkono wa mtungaji.

Kwa sababu hiyo sehemu ya hotuba inayohusu mashine ya kunakili inastahili kusomwa kwa utulivu kuliko ile ya vichekesho, ingawa ndiyo inayonukuliwa kidogo. Eco anaiona neema yake, kisha anaona ugonjwa wake: mtu hutoa nakala za kurasa mia, akazipeleka nyumbani, akajiona amekwisha kuzisoma kwa kuwa anazo. Hayo aliyasema mwaka 1981, kabla ya picha za miswada kujaa katika simu za watu. Mnakili wa kale hakuweza kuupata ugonjwa huo. Mkono wake haukuweza kuandika ubeti ambao jicho halikuusoma.

Riwaya ilishinda Tuzo ya Strega Julai ya mwaka ule ule wa 1981, ikafasiriwa kwa Kiingereza na William Weaver mwaka 1983, ikafanywa filamu mwaka 1986. Eco alifariki Milan mwaka 2016. Filamu imeufanya moto uwe ndio mwisho ambao watu wengi wanaukumbuka, na kwa hivyo hukosa kurasa zilizo bora katika kitabu. Miaka mingi baada ya moto, Adso anapita tena njia ile, akakuta magofu na majani yaliyomea. Katika vifusi anaokota vipande vya ngozi: penginepo sentensi nusu, penginepo jina, penginepo kivuli cha picha. Anajaza mifuko miwili ya safari, akitupa vitu vyake vya haja ili avibebe. Kisha anatumia miaka kuvisoma vipande hivyo, akijaribu kutambua kila kimoja kilitoka katika kitabu gani. Na kila alipobahatika kuiona nakala nyingine ya kitabu hicho katika maktaba ya mji mwingine, aliketi akakisoma chote.